Tunywe, ama Tusinywe?

Jumapili iliyopita baba yake Kyakimwa alikunywa bia ya mwanamume mwingine, na ruhusa ya kuinywa aliitoa Kyakimwa mwenyewe, kwa mdomo wake, huku akicheka. Leo alipaswa kumwambia Bilali.

Alikuwa ameamua kumwambia langoni. Neno zito lisemwe watu wakiwa wamesimama, alijisemea, kabla hawajaketi na kuzoeana tena. Alishuka kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mbele ya bustani ya wanyama, akanyoosha kitenge chake, akapanga sentensi yake ya kwanza. Ilikuwa sentensi fupi. Kisha akamwona Bilali upande wa ndani wa lango, shati jeupe limekunjamana kwa safari ya mtoni, mikono yote miwili juu kama mtu anayesimamisha lori. Sentensi ikampotea.

“Ulisema asubuhi,” Bilali alimwambia. “Hii ni asubuhi ya wapi?”

“Ya Makiso. Sisi tuna duka la kufungua.”

“Bon. Mimi nina boti ya kuniacha. Njoo.”

Hakumgusa. Alimtazama tu, kuanzia kilemba hadi viatu, taratibu, na Kyakimwa alisikia uso wake ukipata moto. Hakuna mtu mwingine mjini aliyemtazama hivyo. Dukani wateja walitazama mikono yake, kwa sababu mikono ndiyo iliyotoa sabuni na chumvi.

Sabuni ndiyo iliyowakutanisha. Bilali, wakati huo mwanafunzi wa biolojia aliyepanga chumba Kabondo, alikuja kila Jumamosi kununua mche wa sabuni katika depo ya Papa Wenceslas, baba yake Kyakimwa, hadi Kahambu, dada mkubwa wa Kyakimwa, akamwuliza kama anafua nguo za wilaya nzima. Sasa alikuwa mwalimu wa sekondari huko Isangi, na alipanda mto kwa baleinière, boti ndefu ya mbao, kila alipopata ruhusa. Safari hii alipata siku moja. Kesho wanafunzi wake walikuwa na mtihani.

Walichagua bustani ya wanyama kwa sababu ilikuwa siku ya kazi. Wafanyabiashara wa Butembo, watu wa kwao Kyakimwa, Bilali alipenda kusema, hawapotezi muda kutazama mnyama asiyeuzwa. Hapa hakuna ambaye angepeleka habari kwa Papa Wenceslas.

“Nina habari,” alisema Bilali.

“Hata mimi nina habari.”

“Yangu kwanza. Lakini si hapa. Nitakuambia kwenye nyumba ya samaki, mbele ya mashahidi wasioweza kusema.” Alicheka. “Na yako? Ni nzuri?”

Hapo ndipo mahali pake. Kyakimwa alifungua kinywa.

“Itangoja,” alisema.

Mlinzi wa wanyama, mzee mwembamba aliyeitwa Papa Jérôme, aliwapokea akiwa amevaa buti za mpira na kofia ya kanisani.

“Muko wawili tu? Mupite, mupite. Lakini musimupe Monsieur kitu yoyote. Ule iko na tabia ya mutoto wa mwisho. Akipata ndizi, anataka saa.”

Monsieur alikuwa sokwe. Aliketi nyuma ya nyavu nzito, magoti kifuani, akichambua nyasi moja kwa uangalifu mkubwa. Alipowaona wawili wamesimama karibu karibu, akageuka akawapa mgongo.

“Ametutukana?” Bilali aliuliza.

“Te, hapana. Tangu muke yake alikufa, hapendi watu wanakuja wawili wawili. Mutu akikuja peke yake, Monsieur anamupa mukono. Familia kubwa ikikuja, anacheza. Wawili, hapana.”

“Basi tusimame mbalimbali kidogo,” Bilali alisema, akasogea hatua moja kando, akimkonyeza Kyakimwa. “Tumdanganye.”

Sokwe hakugeuka. Kyakimwa aliutazama ule mgongo mpana, na mawazo yake yakarudi Jumapili.

Walikuja wageni baada ya misa ya pili. Walikuja na magari mawili, kreti za bia, mbuzi, na mzee mmoja aliyezungumza kwa mafumbo. Mama Virginie, mama yake, alikuwa amesema asubuhi, “Vaeni vizuri nyote wawili, leo kuna watu.” Hakusema zaidi. Kyakimwa alifikiri yeye mwenyewe, akafikia jibu moja: hatimaye mtu amekuja kwa ajili ya Kahambu.

Na moyo wake ulifurahi kweli. Miaka mitatu nyuma, Kahambu aliulizwa mbele ya ukoo kama kinywaji cha wageni waliokuja kumposa kinywewe, naye akasema hapana. Wageni walibeba vinywaji vyao wakaondoka. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyebisha mlango. Ndugu za Papa Wenceslas waliweka kosa lote juu ya Mama Virginie. Walisema ndiye aliyewafundisha binti zake jeuri, na kwamba likitokea tena, atarudi kwao Lubero na masanduku yake.

Kwa hiyo Jumapili Kyakimwa alivaa kitenge kizuri, akamfunga dada yake kilemba, akabeba sinia ya bilauri. Alipofika katikati ya sebule, baba yake alishika chupa iliyofungwa na kumgeukia.

“Kyakimwa, binti yangu. Hawa wageni wameleta kinywaji. Tunywe, ama tusinywe?”

Yeye ndiye aliyeshika sinia. Alidhani anaulizwa kama mhudumu anavyoulizwa, kwa utani, kabla ya bibi harusi mwenyewe kuitwa. Joto lilikuwa kali. Akacheka.

“Kunyweni, papa! Mnangoja nini? Itapata moto.”

Vigelegele vilipasuka. Shangazi yake, tantine Marie-Jeanne, alimkumbatia pamoja na sinia. Kijana mmoja mnene mwenye saa ya dhahabu, Héritier, mtoto wa mfanyabiashara mwenza wa baba yake, alisimama na kuinamisha kichwa kwake, si kwa Kahambu. Kyakimwa akamtafuta dada yake kwa macho. Kahambu alikuwa akitazama sakafu. Naye hakuwa ameambiwa.

Kizibo kilikuwa tayari kimedondoka.

“Uko wapi?” Bilali alimwuliza.

“Niko hapa.”

“Mwili uko hapa. Twende kwa mamba. Labda yeye atakuamsha.”

Mamba hakumwamsha mtu. Alilala kwenye dimbwi lake kama gogo lililosahauliwa na wapasua mbao, na Bilali akatoa somo kamili juu ya meno yake, akitembeza kidole hewani kana kwamba kuna ubao. Kyakimwa alimsikiliza kwa uchu. Alijaribu kushika kila kitu: kovu dogo juu ya nyusi, chaki iliyobaki chini ya ukucha, jinsi alivyosema “alors” kabla ya kila jambo alilolipenda. Kila alipotaka kusema lake, Bilali alikuwa anafurahi. Alingoja aache kufurahi. Bilali hakuacha.

Nyumba ya samaki ilikuwa mpya, ndogo, yenye giza la ubaridi. Vioo vilipangwa ukutani, kila kimoja na taa yake. Samaki mmoja, mbenga mwenye meno ya nje, alikwenda hadi kwenye kioo, akagonga pua, akarudi, akaja tena.

“Anafikiri mto unaendelea,” Bilali alisema kwa upole.

Katika kioo cha mwisho alikuwa samaki mmoja tu, mnene, mwenye rangi ya tope, macho madogo. Kando yake kulikuwa na nafasi ya samaki kumi.

“Huyu anaitwa nina,” Bilali alisema. “Samaki wa umeme. Papa Jérôme, mbona mmemweka peke yake?”

“Tulimutiaka na wengine,” Papa Jérôme alijibu. “Asubui tunafungua, tunakuta wote wamekufa. Ye mwenyewe anashangaa, anazunguka-zunguka, anawagusa na pua. Haikukuwa kwa hasira, mwalimu. Aligeuka tu katika usingizi.”

Kyakimwa aliweka kiganja kwenye kioo. Yule samaki akaja, akasimama mbele ya mkono wake.

“Alors,” Bilali alisema, na sauti yake ikabadilika. “Habari yangu. Tonton amekubali.”

Kyakimwa hakugeuka.

“Umesikia? Tonton wangu wa Kasongo. Amekubali kuja! Jumapili ijayo yuko hapa, na kanzu yake na fimbo yake.”

Kwa miezi yote ile waliyopendana, kizuizi kilikuwa kimoja: kinywaji. Si kwamba vingine havikuwapo. Papa Wenceslas alikuwa mtu wa benchi la mbele kanisani, na alisema waziwazi kwamba anauziana na Waislamu, anakula nao, anazika nao, lakini binti ni jambo jingine. Hata hivyo Mama Virginie alikuwa amemlainisha kidogo kidogo, hadi siku moja akakubali: “Waje basi, niwaone. Lakini waje kama watu wanavyokuja, na bia mezani.” Na tonton wa Bilali, mjomba aliyemlea tangu utoto, aliapa kwamba mkono wake hautabeba pombe hadi kaburini. Mmoja hakupokea wageni bila bia. Mwingine hakutembea na bia. Bilali alikuwa ameandika, amepiga simu, amemtuma hata imamu.

“Atakuja na nini?” Kyakimwa aliuliza kioo.

“Vital'o! Kreti tano. Na si hivyo tu. Nilimpigia mama yako simu mwezi uliopita, akaniambia papa yako tumbo limeanza kumkataza bia. Nikamwambia tonton: ona, hata yeye anahitaji soda. Alicheka, Kyakimwa. Yule mzee alicheka! Akasema, ‘Basi Mungu ametengeneza.’” Alimshika mabega, akamgeuza. “Unalia.”

“Ndiyo.”

“Hata mimi nililia. Nililia darasani, wanafunzi wakadhani nimefiwa.”

Alimfuta machozi kwa kidole gumba, na Papa Jérôme akajifanya anakagua taa.

Nje, jua lilikuwa limepanda. Chini ya bustani mto Tshopo ulikuwa unaanguka juu ya mawe kwa kelele isiyokatika, na watu waliokaa karibu yake walilazimika kusema kwa sauti au kunyamaza. Mama Émilie, muuza vinywaji, alikuwa na kisanduku chake cha barafu kando ya benchi la saruji.

“Vital'o mbili, mama,” Bilali alisema. “Usifungue. Utuazime kifungulio tu. Tuna sherehe yetu.”

“Sherehe bila keki?” Mama Émilie alimpa chupa na kifungulio kilichofungwa kamba. “Musikae nazo sana. Nataka chupa zangu. Vijana wa mapenzi munasahauka vyombo vya watu.”

Bilali aliketi, akaweka chupa zote mbili juu ya benchi kati yao. Zilitoa jasho. Akakohoa, akavimbisha tumbo, akakunja uso hadi akafanana kabisa na Papa Wenceslas anapohesabu katoni.

“Tufanye mazoezi,” alisema. Akashika chupa moja, akamnyooshea. Sauti ikawa nzito. “Kyakimwa, binti yangu. Hawa wageni wameleta kinywaji. Unawafahamu? Tunywe, ama tusinywe?”

Maporomoko yalinguruma. Kyakimwa alitazama chupa, akatazama mkono ulioishika.

“Sema basi,” Bilali alinong'ona, bado anatabasamu. “Tonton ana miguu mibovu, usimsimamishe.”

“Wamekwisha kunywa.”

“Nini?”

“Papa amekwisha kunywa, Bilali. Jumapili. Bia ya Héritier wa Butembo. Aliniuliza mimi, nami nikasema wanywe.”

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni peke yake, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba wenyeji wamelala.

“Unafanya mzaha.”

Akamweleza yote: sinia, joto, Kahambu, vigelegele. Alieleza kwa mpangilio, bila kulia, kwa sababu alijua akianza kulia hatamaliza. Bilali alirudisha chupa juu ya benchi.

“Donc ulikosea. Sema ulikosea! Simama mbele yao, sema ulidhani ni ya Kahambu.”

“Nimesema. Jioni ileile. Tonton mkubwa, kaka wa papa, alinijibu, ‘Ulicheka, mutoto. Wote tulikuona. Mutu anayekosea hacheki.’”

“Na papa yako?”

“Aliniuliza kama nataka aende Butembo kutapika bia ya watu.”

“Na mama? Mama yuko upande wetu!”

Kyakimwa aliinamisha kichwa. Jumatatu asubuhi alimkuta mama yake jikoni, anachambua majani ya sombe, hakuinua macho. “Mimi sikulazimishi, mwanangu,” alimwambia. “Kahambu alikataa, nikabeba. Ukikataa na wewe, sitakukasirikia. Ila nitafutie kwanza mahali pa kulala.”

Bilali alipoyasikia maneno hayo, alisimama, akaenda hadi kwenye ukingo, akarudi.

“Njoo nami leo. Boti inaondoka alasiri. Tukifika Isangi, wataongea hadi wachoke. Watu wamefanya hivyo, wakasamehewa.”

“Mimi nitasamehewa. Mama yangu atakuwa barabarani.”

“Na mimi? Mimi nitakuwa wapi?”

Bilali alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yalikuwa baridi.

“Labda ulicheka kwa sababu ulitaka. Saa ya dhahabu, magari mawili. Mwalimu wa Isangi ana nini? Ana samaki.”

Kyakimwa alipokea neno hilo bila kujitetea. Lilimwuma, lakini lilimpa pia kitu cha kushika. Laiti angeendelea kuwa mkali, ingekuwa rahisi kuondoka. Bilali hakuweza. Aliketi tena, akafunika uso.

“Nisamehe. Najua ulichekea nini. Ulimchekea dada yako.”

“Ndiyo.”

“Ni kosa ambalo ni wewe tu ungelifanya.”

Mwanamke mmoja alipita na watoto watatu, wote wakielekea kwa Monsieur, na punde wakasikia watoto wakipiga kelele za furaha. Sokwe alikuwa anacheza.

“Hata ukija nami,” Bilali alisema hatimaye, polepole, kama mtu anayesahihisha hesabu yake mwenyewe, “tonton hatakuja tena. Akisikia kwamba kuna kinywaji kimekwisha nywewa, hatakanyaga. Yeye ndiye aliyenifundisha: mlango uliofunguliwa kwa mwingine haubishwi. Angekufa kuliko kubisha.” Akacheka kidogo, kicheko kibaya. “Nilihangaika miezi minane juu ya bia na soda.”

“Utamwambia nini?”

“Kwamba papa yako tumbo limepona.”

Kyakimwa alitaka kumshika mkono. Alitazama chupa mbili zilizokuwa kati yao, akaona kwamba ili kumfikia ingebidi azisogeze, na hakuweza kuzigusa. Naye Bilali aliziona. Kifungulio kilikuwa juu ya goti lake. Alikigeuza, akakigeuza tena.

“Tungeweza kunywa tu,” alisema. “Kama watu wawili wenye kiu.”

“Mimi nikiinywa, Bilali, nitakuwa nimesema ndiyo mara mbili. Siwezi kuwa mtu huyo.”

Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Upande wa mto mkubwa honi ya boti ililia mara moja, mbali, kuita abiria. Bilali akasimama, akaweka shati sawasawa, akawa tena mwalimu mwenye mtihani kesho.

“Usinisindikize,” alisema. “Nikikuona gatini nitakuvuta kwa nguvu.”

“Vaa koti mtoni. Upepo.”

“Sawa.”

“Na usilie darasani.”

“Wamekwisha zoea.”

Alimtazama kwa namna ileile ya asubuhi, kuanzia kilemba hadi viatu, lakini safari hii macho hayakupanda tena. Yalibaki kwenye viatu, kisha yakageuka. Alipita mbele ya sokwe, peke yake. Kyakimwa aliona mkono mrefu wenye manyoya ukitoka kwenye nyavu, ukimnyooshea. Bilali akasimama, akaushika, akaendelea.

Mama Émilie alikuja na kitambaa begani.

“Alors, chupa zangu?” Akainama, akazitazama, akamtazama Kyakimwa. “Eh! Hata kizibo hamukutoa? Hamukunywa?”

“Hatukunywa, mama.”

Mama Émilie alizipangusa jasho moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye barafu, akageuza uso wake kuelekea langoni, ambako wawili wengine walikuwa wanaingia.